Uwekevu wa Mstari: Mandhari za Rembrandt katika Bamba la Shaba

Katika lugha yetu yako maneno matatu ambayo wanafunzi hupenda kuyachanganya, nayo ni ufukara, ubahili na uwekevu. Fukara hatoi kwa kuwa hana. Bahili anacho, wala hatoi. Mwekevu anacho, naye hutoa, ila hutoa pale penye haja na kwa kadiri ya haja. Mtu akiwatazama watatu hawa kwa siku moja huenda asione tofauti, maana mikono yao yote yaonekana haitoi mengi. Hana budi kukaa nao ndipo awatambue.

Tumeyakumbuka maneno haya kwa sababu ya picha. Twataka kunena habari za mandhari chache alizozichora Rembrandt van Rijn, Mholanzi, aliyezaliwa mjini Leiden mwaka 1606 akafa Amsterdam mwaka 1669. Walimu wengi wamjua kwa picha zake za habari za Biblia. Mandhari zake hazijulikani sana kwetu, wala si nyingi: katika picha karibu 300 alizozifanya kwa bamba la shaba, za mandhari hazifiki 30, nazo nyingi ni za kati ya mwaka 1640 na 1652. Mtu azionapo mara ya kwanza hushangaa, kwa kuwa mistari ni michache kuliko alivyotazamia, na sehemu kubwa ya karatasi imeachwa nyeupe. Swali letu ni hili: je, weupe huo ni ufukara, ni ubahili, au ni uwekevu? Wala si swali la wachoraji peke yao. Kila mwalimu aliyepata kushika kalamu nyekundu juu ya kazi ya mtoto amekwisha kulijibu, hata kama hakujua kwamba ameulizwa.

Kwanza yafaa tueleze jinsi picha hizi zifanywavyo, kwa maana asiyejua kazi ya mikono hawezi kuihukumu vema. Fundi huchukua bamba la shaba nyekundu lililosuguliwa likalainika, akalipaka tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na utomvu na lami. Juu ya tabaka hilo huchora kwa sindano, bila nguvu nyingi, kwa sababu kazi ya sindano si kukata shaba bali kuifunua. Kisha bamba hutiwa katika asidi, nayo asidi huila shaba pale ilipofunuliwa, isiguse palipofunikwa. Mstari uliokaa katika asidi muda mrefu huwa na kina na kushika wino mwingi. Uliokaa muda mfupi huwa mwembamba. Nta ikiisha kuondolewa, bamba hupakwa wino, hupanguswa hata wino ubaki katika mifereji tu, huwekewa karatasi yenye unyevu, na vyote viwili hupitishwa katika shinikizo. Picha hutoka kinyume, cha kulia kimekuwa kushoto.

Katika kazi hii yako mambo mawili ya kushika. La kwanza ni kwamba sindano hupita katika nta kwa wepesi, kama kalamu juu ya karatasi. Yule achongaye bamba kwa patasi yampasa kusukuma chuma ndani ya shaba, na mistari yake hutoka ya taratibu na ya kupimwa. Bali mwenye sindano huacha mwendo wa mkono wake uonekane kama ulivyokuwa, pamoja na kusita kwake na wepesi wake. La pili ni kwamba mstari wenyewe hauna rangi ya kijivu. Upo wino mweusi, ipo karatasi nyeupe, basi. Akitaka kivuli, hana budi kuweka mistari karibu karibu. Na akitaka mwanga, hana cha kuutilia. Aweza kuuacha tu. Mwanga wote uliomo katika picha ya namna hii ni karatasi ambayo fundi hakuigusa. Kwa hiyo tukisema kwamba sehemu fulani ni tupu, yatupasa kuangalia tusiseme hivyo juu ya jua, na maji, na anga.

Sasa tutazame picha iitwayo Daraja la Six, yenye tarehe ya mwaka 1645. Ukubwa wake ni karibu sentimita 13 kwa 22, hata daftari la mtoto wa shule laweza kuifunika. Vitu vilivyomo ni vichache: daraja dogo la mbao lenye vizuizi kando, watu wawili waliosimama hapo, miti miwili myembamba, mashua, ukingo wa mfereji, na mbali sana mnara wa kanisa. Sehemu kubwa ya karatasi ni anga, na katika anga hilo hakuna hata wingu moja. Maji nayo hayakupewa ila mistari michache.

Lakini tazama kazi ya kila mstari. Vizuizi vya daraja ni mistari iliyopigwa upesi, na hiyo hiyo michache yatuambia kwamba ni mbao, kwamba zimepigiliwa na fundi asiyetafuta sifa, na kwamba chini yake pana nafasi. Watu wawili wale hawana nyuso za kusomeka. Kila mmoja ni kofia na bega na vazi. Walakini hatuna shaka kwamba wanazungumza, wala hawana haraka. Majani ya miti ni mistari iliyopindwapindwa, na katika mapindi hayo twauona upepo. Upande wa mbali ni alama fupi fupi nyembamba, na macho yetu huziunganisha yenyewe yakapata nchi tambarare iendayo mbali. Mstari mmoja wafanya kazi mbili au tatu kwa pamoja: waonyesha umbo, waonyesha umbali, na kwa unene wake waonyesha mahali mwanga uangukiapo. Huo ndio uwekevu tunaounena. Msingi wake si uchache wa mistari bali wingi wa kazi iliyowekwa juu ya kila mmoja.

Juu ya picha hii iko hadithi inayosimuliwa sana. Ililetwa na Gersaint, mfanya biashara wa picha mjini Paris, katika orodha ya picha za Rembrandt iliyochapwa mwaka 1751. Yasemwa kwamba Rembrandt alikuwa mgeni shambani kwa rafiki yake Jan Six. Walipoketi kula ikaonekana kwamba haradali imesahauliwa, mtumishi akatumwa kijijini kuileta. Rembrandt akaweka nadhiri na rafiki yake kwamba atachora bamba zima kabla mtumishi hajarudi, akachora yale aliyoyaona dirishani, akashinda.

Hadithi hii ni tamu, na kwa kuwa ni tamu imewapotosha wengi. Iliandikwa miaka 106 baada ya picha. Tena wachunguzi wa baadaye wameonyesha kwamba mahali palipochorwa ni kando ya mto Amstel, karibu na Amsterdam, si penye shamba la Six. Walakini kosa lake kubwa si la tarehe wala la mahali. Kosa lake ni kutufundisha kwamba sifa ya picha hii ni upesi, kana kwamba mistari ni michache kwa sababu muda ulikuwa mchache. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, nasi tungeshangaa kama picha hii ingekuwa ushuhuda wa kuwapinga. Tukubali kwamba mkono ulikwenda upesi, maana mistari yenyewe yaonyesha hivyo. Lakini mkono huo ulikuwa umefanya kazi ya bamba kwa karibu miaka 20, na jicho liliuongoza lilikuwa limetembea kando ya mifereji ile mara nyingi, pamoja na karatasi na kalamu. Muda wa kupiga mistari ulikuwa mfupi. Muda wa kujua ni mistari ipi isipigwe ulikuwa mrefu sana, wala haupimwi kwa safari ya mtumishi.

Mwenye kutetea wingi aweza kutupinga kwa picha nyingine ya fundi yuyo huyo, iitwayo Miti Mitatu, ya mwaka 1643, iliyo kubwa kupita mandhari zake zote za bamba, karibu sentimita 21 kwa 28. Humo mistari haihesabiki. Iko dhoruba ipitayo, na upande mmoja wa anga umepigwa mistari minyofu ya mshazari kama mvua iliyopimwa kwa rula. Uko mji mbali, yuko mvuvi na mwenzake kando ya maji, kuna gari lililojaa watu, yupo mchoraji aliyeketi juu ya kilima, na katika giza la kichaka wamejificha wapenzi wawili ambao mtazamaji huwagundua siku ya pili au ya tatu. Je, picha hii si bora kuliko lile daraja lenye watu wawili?

Twajibu kwamba ni picha kuu, nasi hatutaki kumpunguzia mtu furaha yake. Walakini tukiitazama sana twaona kwamba nguvu yake haitoki katika wingi ule. Miti mitatu imesimama mbele ya anga jeupe, nalo jeupe hilo ni karatasi tupu. Giza lote la upande wa pili limewekwa ili mwanga huu mmoja uonekane kuwa umetoka kushinda. Tukiziba kwa kiganja sehemu ile nyeupe iliyo nyuma ya miti, picha hufa mara moja. Tukiziba kwa kiganja mistari minyofu ya dhoruba, picha hupungukiwa, bali haifi. Nasi tutasema bila kuficha kwamba mistari ile ya dhoruba, kwetu sisi, ndiyo sehemu dhaifu ya kazi hii. Yatutisha kabla haijatuambia kitu. Basi hata hapa, penye wingi kupita pote, pigo la mwisho limepigwa na kisichoguswa.

Uko ushuhuda mwingine ulio wa nguvu zaidi, kwa kuwa humo twaona mchoraji akibadili nia. Bamba la shaba laweza kuchapwa, kisha likarekebishwa, kisha likachapwa tena, na karatasi za kila hatua hubaki. Katika mandhari moja ya mwaka 1651 hivi, yenye miti, na nyumba za shamba, na mnara, karatasi za hatua za kwanza zaonyesha kuba juu ya mnara. Katika hatua ya tatu kuba limeondolewa. Wasomaji wetu waitafakari kazi hiyo. Kufuta mstari katika shaba si sawa na kufuta kwa mpira. Yapasa kukwangua madini na kuyasugua hata mfereji upotee na uso ulingane tena. Kuliacha kuba kungalikuwa rahisi, kuliondoa kulitaka jasho. Wala kuba lile halikuwa limechorwa vibaya. Liliondolewa kwa sababu lilishindana na anga, na macho yalipanda juu yake yakakaa huko, yasiteremke kwenye miti na nyumba. Mnara usio na kuba hujificha kidogo, na nchi yote hutulia. Mtu alipaye jasho ili apunguze hatuwezi kumwita mvivu, wala fukara.

Twaona jambo lilo hilo katika picha ya mwaka 1651 iitwayo Shamba la Mpima Dhahabu. Jina hilo lilipewa kwa makosa. Kwa kweli ni nchi iliyo karibu na mji wa Haarlem, na ndani yake limo shamba la Saxenburg, mali ya Christoffel Thijs, ambaye Rembrandt alinunua kwake nyumba mwaka 1639 akabaki na deni. Picha ni ndefu na nyembamba, karibu sentimita 12 kwa 32. Mistari michache mirefu, iliyopinda kidogo kama upinde uliolegezwa, yatosha kuilaza nchi yote chini ya macho yetu. Baadhi yake haikuliwa na asidi, bali imekwaruzwa katika shaba yenyewe, na shaba iliyoinuka ukingoni mwa mkwaruzo imeshika wino, hata mstari ukawa laini kama mahameli. Basi penye mistari michache, hata namna ya mstari mmoja kutofautiana na mwenzake huwa ni neno linalosikika. Katika kelele mtu hasikii tofauti ya sauti.

Lakini yatupasa kuwa waadilifu, maana uchache nao una hatari zake. Mwaka 1879 Mmarekani James McNeill Whistler alikwenda Venice, akarudi London mwaka 1880 na picha za bamba ambazo wahakiki wengi walizilaumu kwamba hazikumalizika. Katika ile iitwayo Little Venice, mji ni utepe mwembamba kati ya anga jeupe na maji meupe. Twaipenda picha hiyo. Mistari yake ni michache nayo yatosha. Walakini katika nyingine, kama ile ya usiku iitwayo Nocturne, mistari ni michache mno, na usiku wenyewe umefanywa kwa kuacha utando wa wino juu ya bamba usipanguswe. Rembrandt naye alifanya hivyo katika baadhi ya karatasi zake, kwa hiyo hatusemi ni kosa. Twasema tu kwamba hapo kazi imefanywa na kitambaa cha kupangusia, wala si sifa ya mstari. Mwenye kusifu uwekevu yampasa kuuliza kila mara ni nani aliyelipa gharama.

Ndugu walimu watatuuliza ni kwa nini tumeshughulika hivi na picha ndogo za nchi ya mbali. Tutajibu kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, katika darasa letu, mvulana mmoja alichora pwani wakati wa maji kupwa. Alipiga mstari mmoja wa ufuo, akaweka miti ya uzio wa samaki, na ngalawa moja iliyolala ubavu. Sehemu nyingine yote ya karatasi aliiacha. Tuliandika chini yake: Haijakwisha, jaza. Tulikuwa tukiamini kwamba haba na haba hujaza kibaba, na kwamba karatasi nayo ni kibaba. Kesho yake akairudisha ina mawingu, na ndege, na minazi, na jua lenye miale, na mawimbi kutoka upande hadi upande. Tukampa alama za juu. Akaitazama, akasema kwa adabu, "Maji yamejaa, mwalimu," akaenda kuketi. Tulidhani anashukuru.

Ilikuwa baada ya kukaa na Daraja la Six siku nyingi ndipo tulipoelewa alichotuambia. Mtoto yule alikuwa amechora kupwa. Mchanga mtupu uendao mbali, ngalawa isiyo na kazi, uzio usio na samaki: hayo ndiyo aliyoyaona, naye aliyaweka kwa mistari isiyozidi ishirini. Sisi tuliyaita upungufu, tukamwamuru ayafiche. Tulimwona fukara kumbe alikuwa mwekevu, na mbaya zaidi, tulimfundisha kuona haya kwa ajili ya jambo lililokuwa sawa.

Kwa hiyo tumejiwekea kanuni mbili, nasi twawapa wenzetu wazijaribu. Ya kwanza: kabla ya kusema ongeza, funika mstari mmoja kwa kidole. Kama pamepunguka kitu, mstari huo unafanya kazi. Kama hapakupunguka kitu, neno la kumwambia mwanafunzi ni ondoa, wala si ongeza. Ya pili: mwonyeshe mwanafunzi sehemu aliyoiacha nyeupe, umwulize pana nini hapo. Akikujibu kwamba ni maji, au ukungu, au mchanga uliochomwa na jua la adhuhuri, basi hakupasahau. Umwulize tu kama mistari iliyo kando yatosha kumjulisha mtazamaji. Kama haitoshi, amekuwa bahili kidogo, naye hutengenezwa kwa mstari mmoja au miwili. Asipojua pana nini, huo ndio ufukara, na dawa yake si kujaza, bali kumrudisha nje akatazame tena.

Kanuni hizi hazitamfanya mtu awe Rembrandt. Zatosha kumzuia mwalimu asiharibu. Yule fundi wa Amsterdam, alipoona kwamba kuba limezidi, aliweza kuisugua shaba hata likatoweka, na karatasi zilizofuata zikatoka safi. Neno tuliloliandika chini ya mchoro wa yule mvulana haliko katika shaba, wala hatujui njia ya kulisugua.